Kubadilishana mbegu na vipandikizi vya maua bila kutiana hasara

Lawama nyingi baada ya kubadilishana maua huwa na chanzo kimoja kati ya viwili: mbegu ilifungwa ikiwa bado na unyevu, au pakiti ilifika bila maelezo.

Kwa anayeanza, zinia ndiyo rahisi. Usikate ua likiwa bado na rangi. Liache hadi kichwa kiwe cha kahawia na kikauke hadi ndani. Kichambue juu ya karatasi nyeupe. Kila petali kavu imeshika mbegu kitakoni mwake, yenye umbo la ncha ya mshale. Zile za katikati ya ua ni bapa zaidi. Bonyeza kwa ukucha: iliyojaa ni ngumu, pepe hujikunja. Ukimpa mwenzako mbegu 30 na nusu ni mapepe, umempa 15. Kosmosi yenyewe haisubiri mtu: vijisindano vyake vya mbegu vikishakuwa vyeusi na kutawanyika kama nyota, upepo mmoja tu umemaliza kila kitu.

Adeniamu, lile waridi la jangwani lenye shina nene chini, hubeba maganda mawilimawili kama pembe za ng'ombe. Yakianza kubadilika rangi, yazungushie uzi sehemu tatu, maana siku yakipasuka mbegu hupeperuka. Kila moja ina manyoya kwenye ncha zote mbili. Zigawe mapema. Mbegu mpya huota ndani ya wiki moja hivi, lakini kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyopungua nguvu. Pia sema wazi kama mche unaotoa ulitokana na mbegu au kipandikizi. Wa kipandikizi kwa kawaida haujengi kile kitako kinene ambacho watu wanakitafuta, na hapo ndipo ugomvi huanza. Vaa glavu ukiukata: utomvu wake ni sumu, iliyowahi kupakwa mishale ya kuwindia.

Anika mbegu kivulini penye hewa kwa siku 7 hadi 10. Pwani wakati wa masika, wiki mbili. Juani juu ya bati unazichemsha. Kisha kaanga mchele bila mafuta hadi ugeuke rangi, uache upoe kabisa, mimina vijiko vichache chini ya chupa ya kioo, panga pakiti za karatasi juu yake na ufunge kifuniko. Mchele huo utanyonya unyevu uliobaki. Mbegu mbichi ndani ya plastiki hutoa jasho, na ndani ya siku chache ni ukungu mtupu.

Kabla ya kuahidi chochote, weka mbegu 10 kwenye tishu yenye unyevu ndani ya kopo lenye kifuniko. Zinia hujibu ndani ya wiki. Zikiota 7, andika 7/10 kwenye pakiti. Zikiota chini ya 5, ongeza idadi au sema ukweli. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka ukipata maji: jina, rangi, mwezi na mwaka wa kuvuna. Kama mama (mmea uliotoa mbegu) alitoka kwenye pakiti ya F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, andika "chotara", kwa sababu watoto hawatafanana naye. Na zinia zilizopandwa karibu karibu huchanganywa na nyuki, kwa hiyo usiahidi nyekundu. Andika "rangi mchanganyiko".

Kwa waridi na bogenvilia, chagua tawi lenye unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20. Chini kata mshazari, juu kata bapa, ili mpokeaji asilipande kichwa chini (hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani). Punguza majani yabaki mawili. Funga kwa gazeti lililoloweshwa kisha likakamuliwa, na lipandwe ndani ya siku mbili tatu. Adeniamu ni kinyume chake: acha kidonda kikauke wiki nzima, funga kwa gazeti kavu. Ukililowesha linaoza njiani.

Geuza majani kabla ya kutoa mche. Vipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani ni wadudu waitwao vidung'ata. Mizizi ikiwa na vifundo kama shanga, mche huo una minyoo: choma, usiutie hata kwenye mboji. Unaoupokea utenge na mingine wiki tatu.

Kuvusha mpaka ni habari nyingine. Hata bahasha ya mbegu inahitaji cheti cha afya ya mimea: uliza mamlaka ya afya ya mimea, yaani KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Usione ni usumbufu; gugumaji la Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kama pambo la bwawani.

Kwa safari za ndani, basi la usiku linatosha. Tia pakiti kwenye kopo gumu, vipandikizi kwenye boksi lenye matundu, na uombe mzigo ukae mbele na kondakta. Buti mchana ni tanuri.