Kitako kipya kwenye Lee-Enfield ya zamani: anza mbele, si nyuma

Bunduki iliyo mezani kwangu ni Lee-Enfield Na. 1 Mk III, kazi ya kiwanda cha BSA, Small Heath, hapa hapa Birmingham. Ilishalemazwa kisheria, haipigi tena. Hata hivyo, kila ninapoishika kwanza nafungua chemba, natazama, natia kidole. Babu alibeba ya aina hii alipokuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, ndiyo maana sikutaka ibaki na kitako kilichopasuka shingoni.

Kitako hushikwa na bolti ndefu inayopita katikati yake. Macho yatakuambia uanzie huko nyuma. Usithubutu! Ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya mraba, nayo imekaa kwenye kibamba kilicho mwisho wa ubao wa mbele, ule ulio chini ya mtutu. Ukiizungusha ubao ungali mahali pake, mraba unageuka na kuupasua. Mimi niliupasua mmoja hivyo, mti wa jozi wa tangu vita, na hadi leo unaniuma.

Kwa hiyo vua kwanza ubao wa mbele. Kisha fungua skrubu mbili za bamba la nyuma ya kitako, vuta kizibo kilichomo tunduni kwa waya uliopindwa ncha, ndipo uingize bisibisi ndefu yenye ulimi mpana unaojaza mfuo wa bolti.

Kabla ya kununua kitako, tazama muhuri juu yake karibu na bamba: B ni kifupi kabisa, S kifupi, L kirefu, cha kawaida hakina herufi. Hupishana nusu inchi.

Kazi yenyewe ni shingo. Kitako kipya huja kinene. Changanya masizi na mafuta kidogo, paka ndani ya tundu la chuma linalopokea shingo, sukuma kitako, kitoe. Palipoingia weusi ndipo panapogusa. Kwangua hapo tu kwa patasi kali, rudia. Mimi nilirudia jioni tatu. Mbao ikaze yenyewe, isingoje kuvutwa na bolti. Ukishakaza, hakikisha mraba umekaa sawa na kibamba kabla ya kurudisha ubao wa mbele.

Vanishi hapana. Paka mafuta ya kitani kwa kiganja, membamba, futa, acha hadi kesho, paka tena. Matambara uliyofutia yaanike yakiwa yametandazwa nje. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.