Jinsi ya kusoma mikazo ya kale kwenye nyufa za miamba ya Nyanda za Juu Kusini

Naisi (miamba yenye mistari, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo) zilizokatwa kando ya barabara ya Mbeya–Chunya zimejaa nyufa za kila upande. Ni miamba ya ukanda wa Ubende, uliojengwa na migongano ya mabara karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Wengi hupima nyufa hizo na kutangaza kwamba wamepata mwelekeo wa mgongano. Si lazima. Jiwe lina umri wake na ufa una wake. Mgongano ulipopamba moto, sehemu kubwa ya miamba hii ilikuwa kilomita nyingi chini, na kwenye joto la zaidi ya nyuzi 300 jiwe lenye madini ya kwatzi mengi hujikunja, halipasuki. Nyufa zilianza lilipopoa na kupanda, na nyingine zilikuja baadaye kabisa, mabonde ya ufa ya Rukwa, Usangu na Nyasa yalipofunguka. Kwa hiyo tenganisha kwanza, ndipo ukokotoe.

Beba dira yenye klinomita (kipimo cha mwinamo), kipimapembe, lenzi ya kukuza mara 10, chupa ndogo ya asidi haidrokloriki ya asilimia 10, chaki na daftari. Angalia dira kabla ya kuondoka: iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, huku kwetu kusini mwa ikweta sindano yake huinama upande mmoja na kukwaruza kioo, na utasoma namba za uongo siku nzima. Weka nyundo na simu mbali unaposoma. Kwenye basalti (lava nyeusi) za mlima Rungwe, ambazo zina chuma cha sumaku, soma ukiwa umegusa jiwe, kisha rudi nyuma mita mbili tatu usome tena. Namba zikitofautiana sana, tumia mwelekeo wa jua au alama ya mbali ya kwenye ramani.

Chagua mahali penye kuta mbili zinazokutana kwa pembe. Ukuta mmoja hauoneshi nyufa zinazokwenda sambamba nao, hivyo kundi zima linaweza kukuponyoka bila kujua. Machimbo ya kokoto yanafaa kuliko barabara. Omba ruhusa kwa msimamizi. Kwenye kona za Kitonga usisimame kabisa, malori hayana pa kukukwepea.

Sasa kataa zisizohusika. Nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye tundu la baruti, safi na zisizo na madini yoyote, ni za mlipuko. Nguzo za pembe sita kwenye lava ni za kupoa. Na yale maganda yanayofuata mteremko wa miamba mikubwa ya Iringa mjini hutokana na kupungua kwa uzito wa juu. Hakuna hata moja kati ya hizi inayokueleza habari za mgongano.

Zilizobaki zigawe mara mbili. Ufa uliofunguka tu, kuta zake hazikusogea pembeni, hukupa jambo moja: kati ya mikazo mitatu iliyobana jiwe, ule mdogo kuliko yote (σ3) ulikuwa kwa pembe ya 90° na bapa lake, yaani uso wa ufa. Mshipa wa kwatzi au kalsaiti husema vivyo hivyo, ila una faida ya madini, yatakayokusaidia kukisia umri. Ufa ulioteleza ndio wenye utajiri, kwa sababu una michirizo, mistari iliyochorwa na kuteleza. Andika mwelekeo wa mwinamo, kiasi cha mwinamo, pembe ya mchirizo juu ya bapa (taja umepima kutoka ncha ipi ya mstari wa mlalo wa bapa), upande wa kuteleza, na uhakika wako: A (hakika), B au C (shaka).

Upande wa kuteleza ndipo makosa mengi yanapotokea. Tafuta nyuzi za kalsaiti, kwatzi au epidoti (madini ya kijani) zilizoota kwa vingazi vidogo. Pitisha kiganja sambamba na mchirizo: upande ambao mkono unapita laini, ukishuka vingazi, ndiko lilikoelekea jiwe lililokuwa juu ya ukuta huo na sasa halipo. Bapa lililong'arishwa bila madini lisikushawishi. Vingazi vyake huweza kutazama upande wa kinyume. Liandike C na uendelee.

Mpangilio wa umri husomwa palepale. Ufa mchanga hukomea kwenye ufa wa zamani, labda wa zamani uwe umezibwa na madini, hapo huvukwa kama haupo. Epidoti na kloriti, madini mengine ya kijani, huelekeza kwenye kina na joto, hivyo aghalabu ni vya mapema. Kalsaiti (itatoa povu kwa asidi) na kutu nyekundu aghalabu ni vya baadaye, karibu na uso. Kichujio kizuri zaidi kiko Kiwira: mawe ya mchanga ya Karoo (tabaka za kale za mashapo) yenye makaa hayazidi takriban miaka milioni 300, na lava za Rungwe ni changa zaidi. Kundi la nyufa linalokata naisi na pia likakata mawe hayo haliwezi kuwa la mgongano wa Ubende. Kundi lililo kwenye naisi tu linabaki mgombea, si mshindi.

Kwa jozi ya nyufa zilizoteleza pamoja, hesabu ni nyepesi. Hukatana kwa pembe ya karibu 60°. Mkazo mkubwa kuliko yote (σ1) hugawa pembe hiyo ndogo katikati, na mstari zinapokatana ni mkazo wa kati (σ2). Chukua mfano wa mabapa mawili yenye mwinamo wa 30°, moja kuelekea 045° na jingine 225°, michirizo ikishuka moja kwa moja: σ1 imelala kaskazini mashariki–kusini magharibi, σ3 imesimama wima. Huo ni mgandamizo. Mabapa yale yale yakiwa na mwinamo wa 60°, σ1 ndiyo inasimama, σ3 inalala 045°, na umepata mvutano wa Bonde la Ufa. Kwenye ramani yote mawili yanakwenda kaskazini magharibi–kusini mashariki. Ukipima uelekeo huo wa kwenye ramani peke yake, bila mwinamo, umepoteza siku.

Naisi ina ugomvi wake: mistari yake ni udhaifu wa tangu zamani, na mara nyingi mtelezo hufuata mistari hiyo badala ya kutii 60°. Hapo acha jozi, tumia ukokotoaji wa kinyume (kutoka michirizo kurudi kwenye mikazo) unaodhani kila bapa liliteleza upande uliosukumwa zaidi. Kihisabati nyufa nne zenye mielekeo tofauti zinatosha. Kiuhalisia usiamini chini ya 15. Win-Tensor, programu ya bure ya Damien Delvaux, mtafiti aliyefanya kazi hii hii Rukwa na Mbeya, inafaa. Nyufa ambazo michirizo yake inapishana na ile iliyokokotolewa kwa zaidi ya 30°, usizifute: ziweke pamoja, uzikokotoe peke yake, maana huenda ni tukio jingine. Utapata mielekeo ya mikazo mitatu na uwiano wa ukubwa wao. Megapaskali hutazipata kwa njia hii.