Mambo ya kuzingatia kabla hujamwaga zege la doki na yadi ya malori kwenye godauni lako

Wanaojenga magodauni huku Dar, iwe Pugu Road, Mbagala, Kurasini au kule Kibaha ambako maghala yanaongezeka kila siku, swali la kwanza kwa fundi huwa ni zege la doki (lile jukwaa la kupakilia na kushushia mizigo) na yadi liwe inchi ngapi. Sita au nane, hapo mtabishana mpaka jioni. Unene una umuhimu wake sikatai, ila mazege mengi ya yadi yanayopasuka mapema ukiyachimbua unakuta unene upo, nondo zipo, tatizo ni udongo uliokuwa chini na maji yaliyokosa njia. Kwahiyo kabla hujaita hata tipa moja ya kokoto kuna mambo ya kukaa nayo chini kwanza, maana zege likishakauka kulirekebisha ni kulivunja, na kulivunja huku biashara inaendelea ni hasara juu ya hasara.

Anza na mzigo. Usimwambie injinia "malori yatakuwa yanaingia", mwambie malori gani, mangapi kwa siku, na ndani ya ghala kutatembea nini. Kwa sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki lori linaruhusiwa mpaka tani 56 kwa jumla, na ekseli moja yenye tairi nne mwisho tani 10, yaani kila tairi inabeba kama tani mbili na nusu. Sasa chukua foklifti ya kunyanyua tani 3, hii ya kawaida kabisa, yenyewe tupu inakaribia tani 4 na nusu, ukiipakia inapita tani 7 na karibu asilimia 90 ya huo uzito inalalia magurudumu mawili tu ya mbele, kwahiyo gurudumu moja la foklifti linakandamiza zaidi ya tairi la semi trela, tena kwenye eneo dogo na linapita palepale mara mia kwa siku. Watu wanaogopa lori wanasahau foklifti. Na kuna kitu kingine huwa hakitajwi kabisa kwenye hesabu, miguu ya trela. Dereva akichomoa kichwa akaacha trela na kontena lake limejaa, mzigo wa mbele wote unakaa kwenye vibati viwili vidogo, na kontena lililojaa linaweza kufika tani 30 hivi liwe la futi 20 au la futi 40. Kama yadi yako itakuwa na tabia ya kuachiwa trela, sehemu ya kuegesha iongezewe nguvu toka mwanzo na ijulikane ni hapo, sio kila dereva aachie anapotaka. Ukisema utaleta na mashine kubwa ya kupanga makontena hapo ni habari nyingine kabisa, yenyewe tupu inafika tani 70 hivi, zege la inchi nane la kukadiria haliwezi.

Udongo. Hapa ndo ningeomba mtu asibane hela. Dar sehemu nyingi ni mchanga au mchanga wenye mfinyanzi, unashindilika vizuri ukifanyiwa kazi, ila ukishuka mabondeni unakutana na mfinyanzi mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na zege lililokaa juu yake litapanda na kushuka nao mpaka likatike. Chimba mashimo ya kuangalia, mawili matatu, sio moja pale mbele tu, na kina kipite mita moja na nusu. Peleka sampuli maabara wakupimie CBR (uwezo wa udongo kubeba mzigo) na uzito wa juu wa kushindilia. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kazi yenyewe. Udongo mbaya unaondolewa unaletewa kifusi kizuri, na kifusi kinamwagwa kwa tabaka, sentimita 15 mpaka 20, unamwagia maji kiasi, unashindilia, unapima, ndo unaweka tabaka lingine. Kumwaga nusu mita yote kwa mpigo halafu roli la kushindilia lipite juu mara mbili tatu ni kujidanganya, juu patakuwa pagumu chini pamelegea, na semi ya kwanza iliyojaa ndo itakwambia ukweli. Kipimo cha kushindilia kifike asilimia 95 kwenda juu ya ule uzito wa maabara na karatasi yake uipate mkononi kabla ya kutandika nailoni ya chini ya zege, sio fundi akwambie "hapa pamekaza bosi".

Pabaya kuliko pote ni nyuma ya ukuta wa doki. Ule ukuta watu wanauchukulia kama msingi wa kawaida wanajenga tofali, wakati ule ni ukuta unaozuia udongo wa mita moja na zaidi unaousukuma muda wote, na juu yake foklifti zinapita zinaongeza msukumo. Uwe wa zege la nondo, umechorwa na injinia, wenye matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake ili maji yasijikusanye. Kifusi cha nyuma yake ushindilie kwa mashine ndogo, roli kubwa likikaribia linaweza kuusukuma ukuta ambao haujapata nguvu. Wengi wanaharakisha hapa, na ndo maana kwenye magodauni mengi utaona sakafu imezama hatua chache tu toka mlangoni, foklifti ikipita inaruka.

Maji sasa. Wote tunakumbuka yadi ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani ilivyokuwa inazama mvua kubwa zikipiga, na eneo likishakuwa la maji zege zuri halisaidii kitu. Nenda kaangalie kiwanja wakati wa masika, au waulize majirani maji yanapita wapi na yanafika wapi. Yadi iwe na mteremko wa sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita, uelekee mbali na doki. Ikibidi doki iwe chini na lori lirudi nyuma kwa kushuka, weka mfereji chini pale wenye greti la kubeba tani 40, greti jepesi la njia ya miguu litapinda wiki ya kwanza. Na ukiwa na huo mteremko kumbuka lori likirudi linainama, juu ya bodi inaweza kugonga ukuta wa ghala kabla chini hapajafika dokini, kwahiyo raba za kuzuia zitokeze zaidi.

Kimo cha doki kutoka chini usinakili kwa jirani. Nenda na futi kamba kwenye malori yanayokuja kwako kweli, pima kimo cha sakafu ya kila lori likiwa limejaa na likiwa tupu maana springi zinalala. Doki nyingi zinakaa mita 1.2 hivi, ila kontena juu ya trela sakafu yake inaweza kufika 1.4 mpaka 1.5, na gari ndogo kama Canter iko chini zaidi. Kama unapokea yote mchanganyiko panga sahani ya kunyanyuka, ile inayounganisha doki na sakafu ya lori, toka sasa, kwasababu inahitaji shimo lake, fremu yake ya chuma na mabomba ya umeme vikae kabla ya zege. Kingo ya doki iwe na chuma cha pembe kilichoshikwa na zege lenyewe. Kati ya mlango na mlango usiweke pungufu ya mita 3.6 katikati kwa katikati. Nafasi ya kugeuzia semi nayo ipime, inataka kama mara mbili ya urefu wake, usije ukajenga doki nzuri dereva anaiangalia tu hawezi kuingia.

Kama upo kando ya barabara kuu, hifadhi ya barabara kwa sheria ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, usimwage zege humo, na njia ya kuingilia uombe TANROADS (wakala wa barabara) mapema. Kibali cha ujenzi halmashauri, mkandarasi awe na usajili wa CRB (bodi ya makandarasi), injinia wa ERB (bodi ya wahandisi). Hayo yanajulikana, tuendelee.

Zege lenyewe. Kwa yadi ya malori omba zege la daraja la nguvu C30 kwenda juu, mchanga usiwe na chumvi ya pwani maana nondo italiwa ndani kwa ndani. Wavu wa nondo usilale chini kwenye nailoni halafu mtu aseme atauvuta wakati wa kumwaga, hauvutiki ukakaa sawa, uwekewe viti ukae karibu na juu, kama sentimita 5 kutoka usoni, kazi yake ni kushika nyufa. Panga jointi kwenye mchoro kabla, sio kwenye saiti. Ukipita njia ya mwendokasi ya Kilwa Road utaona zege lilivyokatwa mistari, lile sio pambo, zege lazima litapasuka likikauka na wewe unalichagulia pa kupasukia. Kwa unene wa milimita 200 jointi zikae mita 4.5 mpaka 5 hivi, zikatwe ndani ya saa 24 kwa kina cha robo mpaka theluthi ya unene, na mashine ya kukatia iwe saiti siku hiyohiyo na blade ya akiba. Nguzo za ghala zitenganishwe na sakafu. Na tafadhali usikubali kupigiwa nili juu ya zege lililokwisha kukauka ili lipendeze, foklifti itaibandua vipande vipande, uso wa zege umalizwe na mashine zege likiwa bado bichi.

Hesabu siku ya kumwaga. Eneo la mita 20 kwa 18 kwa unene huo wa milimita 200 ni ujazo wa mita 72, yaani magari 12 ya kuzungusha zege ya mita 6, au mifuko zaidi ya 500 ya saruji kama mnachanganya wenyewe, kazi ambayo kwa mikono siku moja haiishi vizuri, bora ugawanye vipande. Kwa foleni za Dar muulize muuzaji gari linatumia muda gani mpaka kwako, likizidi saa moja na nusu zege linaanza kukaza, na hapo ndo dereva au fundi anafungulia maji ndani ya gari, kataa. Anza alfajiri. Kazi ya udongo iwahi Juni mpaka Septemba kabla vuli haijaanza. Chukua sampuli za zege kwenye kila magari kadhaa, zipasuliwe kupima nguvu siku ya 7 na ya 28, na magunia na maji ya kumwagilia siku 7 mfululizo yawepo, na ajulikane kwa jina nani anamwagilia Jumapili.

La mwisho, zungumza na wenye mzigo. Mteja ana makontena bandarini anakatwa hela kila siku, atakusumbua uruhusu lori siku ya 10. Kwahiyo kabla ya kumwaga andikianeni kwamba semi haliingii mpaka majibu ya vipimo yafikie nguvu ya mchoro, tafuta pa kushushia kwa muda, na kwenye mkataba wa mkandarasi zuia asilimia 5 mpaka 10 ya malipo mpaka masika moja ipite juu ya hiyo yadi.