Somo: Tati (pai isiyofunikwa juu) ya lozi na korosho ya sikukuu (soma hatua ya 4 kabla ya kuuliza)

Kila sikukuu ikikaribia swali ni lilelile: "Mbona karameli yangu imekuwa chenga?" Nimemjibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naweka somo zima hapa.

Chombo: cha sentimita 23, kitako kinachotoka.
Ganda: unga wa ngano gramu 200, siagi baridi gramu 100, sukari ya unga gramu 50, kiini 1 cha yai, chumvi kidogo, maji ya baridi kijiko 1 au 2.
Ndani: lozi gramu 150, korosho gramu 150, sukari gramu 200, krimu nzito mililita 150, siagi gramu 60, asali vijiko 2 vikubwa, limau, chumvi nusu kijiko cha chai.

1. Oka lozi na korosho kwa nyuzi 160, dakika 8 hadi 10. Katakata.

2. Vuruga siagi na unga kwa ncha za vidole, tia vingine, kusanya donge. Usikande. Friji nusu saa.

3. Sukuma, tandika chomboni, toboatoboa kwa uma. Funika kwa karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu. Nyuzi 180 dakika 15, kisha toa maharage, oka dakika 8 tena.

4. Karameli. Hapa ndipo nilipoharibu mara mbili. Mara ya kwanza nilikoroga mfululizo. Chembe zikaganda ukutani mwa sufuria, zikarudi ndani, na baada ya dakika moja nikawa na mchanga mweupe. Mara ya pili nilimimina krimu iliyotoka kwenye friji: ilifoka, mvuke ukaniunguza mkono, sukari ikashikana kama kioo. Fanya hivi: sufuria ndefu yenye kitako kizito, sukari, maji vijiko 3, matone machache ya limau. Ikishaanza kuchemka USIKOROGE. Izungushe sufuria yenyewe, na pangusa kuta zake kwa brashi yenye maji. Ikifika rangi ya kaharabu (kahawia ya dhahabu), epua. Mimina krimu ILIYOPASHWA MOTO kidogokidogo, uso ukiwa mbali, na sasa koroga. Tia siagi, asali, chumvi. Usiionje kwa kidole. Karameli hushika ngozi na kuendelea kuunguza. Ikianza kutoa moshi, mwaga uanze upya, maana uchungu ule hautoki.

5. Changanya na lozi na korosho, mimina kwenye ganda, nyuzi 170 dakika 20, hadi mapovu yafike katikati.

6. Acha ipoe saa 3 au zaidi. Ukiikata ya moto itamwagika.

MASWALI

Swali: Dada, yangu imekuwa chenga. Nikoroge kwa mwiko wa aina gani?
Jibu: Wowote ule, baada ya krimu kuingia. Kabla ya hapo hukorogi. Hatua ya 4.

Swali: Nimetumia maziwa badala ya krimu, imebaki majimaji. Vipimo vyako haviko sawa.
Jibu: Vipimo nimevipika mara nyingi. Nimeandika krimu nzito kwa sababu ya mafuta yake. Maziwa karibu yote ni maji. Ukibadilisha kiungo, umepika kitu kingine.

Swali: Samahani dada, limau linafanya kazi gani? Nimelijaribu na kweli chenga hazikuja, nataka kuelewa.
Jibu: Asante kwa kuuliza, mpendwa. Sukari ya kawaida ni sukrosi, na chembe zake zikifanana hupenda kupangana na kuwa fuwele, ndizo zile chenga. Asidi ya limau ikichemka nayo huvunja sehemu yake kuwa sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na fruktosi, na hizo huingia katikati na kuvuruga ule mpangilio. Asali inazo zote mbili tayari, ndiyo maana karameli hubaki laini hata siku ya tatu.

Swali: Mgeni wangu mmoja ana mzio wa korosho. Nikiziondoa tu, niweke lozi zote?
Jibu: Hapana, usikisie. Mwenye mzio wa korosho anaweza kuwa nao wa lozi pia. Muulize yeye mwenyewe, na muulize kuhusu mbegu vilevile. Akisema mbegu za maboga na alizeti ni salama kwake, tumia gramu 300 za hizo, na osha vyombo vyote kwanza.

Swali: Si swali, nachangia. Ganda likitoka oveni mimi hulipaka ute wa yai na kulirudisha dakika 2. Halilowi chini.
Jibu: Sahihi kabisa, nami naanza kufanya hivyo. Na kisu kichovye kwenye maji ya moto, ukifute, ndipo ukate.

Swali: Sufuria imegandana, nimesugua hadi basi.
Jibu: Acha kusugua. Jaza maji, chemsha dakika 10, itayeyuka yenyewe.