Transiti ndefu Dubai? Usilale kwenye viti vya eapoti

Kwanza visa jamani, paspoti ya Kenya au Tanzania hutoki nje bila hiyo, so iombe mapema kabla hujasafiri. Begi kubwa liende lenyewe mpaka mwisho wa safari, we beba kibegi tu.

Metro, yaani treni ya mjini, laini nyekundu inasimama palepale Terminal 1 na 3, teksi ya nini, nunua kadi ya Nol ya kulipia nauli, shuka Union uhamie laini ya kijani mpaka Al Ras. Humo ndani usile wala kutafuna bigijii, ni faini. Ukitoka uko Deira, mtaa wa zamani, soko la viungo na la dhahabu unaenda kwa mguu, bei ya kwanza ukitajiwa we cheka tu.

Utamu wenyewe ni abra, viboti vya mbao vya kuvukia Creek, mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, kwa dirhamu 1 keshi, mnakaa mmebanana na watu wanaotoka kazini, injini inanguruma hapo katikati na upepo wa maji ya chumvi unakupiga usoni. Ng'ambo tembea mpaka Al Fahidi uone nyumba za zamani zenye minara ya kunasa upepo. Lile ghorofa refu la Burj Khalifa mi ningeliruka, foleni zitakula muda wote.

Juni mpaka Septemba mchana usithubutu, joto ni kali, toka jioni, ila usiku wa manane metro hufungwa. Rudi eapoti masaa matatu kabla.