Namna ya Kukagua Upanga wa Tuzo wa Afisa wa Uingereza

Anza na maandishi ya kwenye bapa, kabla hujavutiwa na dhahabu ya mpini. Panga za Mfuko wa Kizalendo wa Lloyd's, ulioanzishwa London mwaka 1803 na wafanyabiashara na watu wa bima, ziliandikwa jina la mtuzwa pamoja na tendo la ushujaa lililompatia tuzo, hivyo maelezo hayo yanaweza kulinganishwa na kumbukumbu za jeshi la majini la Uingereza. Jina lisiloafikiana na meli au pambano lenyewe ni sababu tosha ya kusita.

Kisha angalia daraja. Zilitolewa za pauni 100, 50 na 30 kwa kufuata cheo. Kwa hiyo upanga wa pauni 100 wenye jina la afisa mdogo kabisa unatia shaka. Kwenye mpini, tafuta kishikio cha pembe ya ndovu, ngozi ya simba ya Herkule, shujaa wa hadithi za Kigiriki, iliyofunika mgongo wake, na kinga ya vidole yenye umbo la rungu la Herkule lililozungukwa na nyoka.

Usilisugue bapa hata kidogo, maana rangi yake ya buluu ni tabaka jembamba sana la juu ya chuma, nayo ikishatoka thamani kubwa imetoka nayo. (Wauzaji wanaong'arisha kila kitu wameharibu vingi.) Vaa glavu za pamba, kwa kuwa chumvi ya jasho huleta kutu. Ukitaka kuuza nchini Uingereza, sheria ya pembe za ndovu ya mwaka 2018 inakuhusu, basi tafuta kibali mapema.