Hela ya korosho ifike Agosti

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, na huu ni mwaka wa tisa natunza hesabu za kikundi chetu cha VICOBA, yaani kikundi cha kijijini cha kuweka akiba na kukopeshana. Ushauri mwingi wa akiba unamlenga mwenye mshahara: tenga kidogo kila mwisho wa mwezi. Sisi mwisho wa mwezi hatuna. Tuna Oktoba mpaka Desemba, basi.

Nianze na shilingi 60,000. Agosti 2016 mwanangu aliugua na ndani hamkuwa na kitu. Nikaenda kwa mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mnada, akanipa 60,000 kwa makubaliano kwamba nitampimia kilo 60 korosho zikianza kudondoka. Siku ile nilimshukuru kwa dhati. Msimu ukafunguliwa, bei ya mnada ikapita shilingi 3,000 kwa kilo. Nilikopa elfu sitini, nikalipa mali ya zaidi ya laki na themanini, na haikufika hata miezi mitatu. Korosho zenyewe nilikuwa nimeshazipulizia kwa jasho langu, zimebaki wiki chache ziokotwe. Tangu hapo akiba kwangu ina maana moja: hela ya Desemba iwe bado ipo Agosti.

Kwanza, usipange maisha kwa bei inayotangazwa mnadani. Kuna makato, na kinachoingia kwenye akaunti yako ni kidogo kuliko ulichokisikia. Ukipeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, soma risiti palepale kabla hujaondoka kwenye mizani: jina, kilo, daraja, namba ya akaunti. Tarakimu moja ikikosewa, wenzako watalipwa wewe ukizungushwa. Na bei haina mwenyewe. Oktoba 2024 mnada wa kwanza ulipita shilingi 4,000 kwa kilo; msimu wa nyuma yake tuliuza kwenye 2,000 hivi. Kwa hiyo panga kwa bei ya mwaka mbaya. Ikizidi, hiyo ziada ndiyo ya kuwekeza.

Tuchukue nyumba yenye kilo 900, na baada ya makato mkononi inabaki 2,000 kwa kilo. Hiyo ni 1,800,000. Lipa madeni, tuseme 200,000. Weka 350,000 ya shamba, 250,000 ya shule, 200,000 ya ugonjwa na msiba. Imebaki 800,000. Gawa kwa miezi kumi, Desemba hadi Septemba: 80,000 kwa mwezi. Huo ndio mshahara wako. Ukiuona mdogo, ni afadhali uuone mdogo Desemba, hela ikiwa bado ipo, kuliko kuugundua Machi.

Hela ya shamba usiiguse kabisa. Hata salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, ikija, haijipulizii yenyewe. Kuna kufyeka, kupalilia, petroli ya mashine, kibarua wa kupulizia. Ukiruka mzunguko mmoja kwa kukosa petroli, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unamaliza maua, na maua yale ndiyo hela ya mwakani.

Halafu kuna ngoma. Shule zikifungwa Desemba ndipo hela imeingia, na ndipo watoto wanachezwa jando na unyago. Mtoto atachezwa, mila ni yetu. Ila bajeti yake iandikwe Septemba, kwenye daftari, wajomba wakiwa wamekaa hapo hapo. Hela ikishaingia, kila ndugu ana wazo la kuongeza, na kumkatalia mjomba mbele za watu hakuna anayeweza. Akiwa alishakubali kiwango Septemba, yeye mwenyewe ndiye atakayekisimamia.

Kwenye kikundi kuna jambo moja tulilolibadilisha, na naona lilitusaidia kuliko yote. Zamani tulikuwa tunavunja sanduku, yaani kugawana akiba yote, Desemba kama vikundi vingi. Kila mtu anapokea mgawo wakati mfukoni tayari ana hela ya korosho, zote zinayeyuka pamoja. Sasa tunavunja Juni, kupulizia kunapopamba moto. Novemba na Desemba tunanunua hisa kwa wingi, Februari mpaka Aprili tunakopeshana, Mei lazima kila mkopo uwe umerudi. Tunakaa kwenye mkeka chini ya mwembe, sanduku katikati, wenye funguo tatu wanatoka nyumba tatu tofauti. Kila hisa inapigwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, na kabla ya kufunga nasoma jumla kwa sauti, kisha wanachama wote wanairudia. Bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyenikamata mwaka juzi nilipokosea kwa 5,000, kwa sababu anaitunza jumla kichwani wiki nzima. Hela ikiwa nyingi msilale nayo kijijini. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Na kikundi kisajiliwe halmashauri, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo.

Ufuta na mbaazi navyo ni akiba. Ufuta unakupa hela kuanzia Juni, mbaazi zinafuata, na hiyo ni miezi ambayo mtu wa kangomba anapita mlangoni.

Ziada sasa. Mimi naweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko wa uwekezaji wa pamoja, hela inafanya kazi, na ukitaka kutoa inarudi akaunti ndani ya siku chache za kazi. Faida haijaahidiwa, inategemea mfuko unavyozalisha. Mwenye milioni moja isiyo na haraka anaweza kununua hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, kupitia benki yake. Benki Kuu ina tawi Mtwara mjini ukitaka maelezo ana kwa ana. Riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Ila mtaji umefungwa kwa miaka, na ukitaka kuuza kabla ya muda unaweza kupata pungufu, kwa hiyo hela ya petroli isiende huko. Miche bora ya korosho ya Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, nayo ni uwekezaji, lakini hesabu kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuokota. Anayekuahidi hela yako mara mbili kwa mwezi, mwambie kwaheri mapema.

Julai iliyopita nilitoa 120,000 kule UTT. Nilinunua petroli, na mpulizaji nikamlipa jioni ileile aliposhusha mashine mgongoni.